Thurgood Marshall Hakuanza na Vitabu vya Sheria

Vijana wanaojiunga na chuo kikuu wakiwa na azma ya kuwa mawakili huwauliza walimu wao swali moja mara kwa mara: wasome masomo gani ili wakubaliwe kusomea sheria? Nchini Marekani swali hilo lina uzito zaidi, kwani huko sheria haisomwi kwa shahada ya kwanza kama ilivyo kwetu. Mwanafunzi huhitimu kwanza katika fani nyingine, ndipo aombe nafasi katika shule ya sheria. Maisha ya hayati Jaji Thurgood Marshall, aliyefariki mwaka wa 1993, yanatoa jibu, japo huenda lisiwapendeze watafutao njia ya mkato.

Marshall alizaliwa mjini Baltimore, jimbo la Maryland, tarehe 2 Julai, 1908. Mamake, Norma, alikuwa mwalimu. Babake, William, alikuwa mhudumu katika magarimoshi na baadaye katika klabu ya Wazungu. Mzee huyo hakuwa na elimu kubwa, lakini alipenda kwenda mahakamani kusikiliza kesi, na aliwachukua wanawe. Nyumbani, wakati wa chakula, hakuna mtoto aliyeachwa atoe dai bila kulitetea. Shuleni nako Marshall alikuwa mtundu kupindukia, na adhabu yake ilikuwa kupelekwa katika chumba cha chini ya jengo akasome Katiba ya Marekani. Kufikia wakati wa kumaliza shule, alikuwa ameihifadhi karibu yote. Walimu waliozoea kuwatuma watundu wakafyeke nyasi wangefaa kuitafakari adhabu hiyo.

Mwaka wa 1925 aliingia Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha Waamerika weusi. Asidhani mtu kwamba alifika huko akiwa na mpango kamili. Mamake alitamani awe daktari wa meno, naye mwenyewe alipenda karata na mizaha kuliko vitabu. Aliwahi hata kusimamishwa masomo kwa kuwasumbua wanafunzi wapya. Mwanafunzi wa namna hiyo leo angekwisha kukatiwa tamaa.

Kilichomwokoa ni mdahalo. Alijiunga na kikundi cha wajadili cha chuo, akajifunza kutafuta ushahidi, kuipima hoja ya mpinzani na kusema mbele ya watu bila kubabaika. Mshairi Langston Hughes, aliyekuwa mwanafunzi wa huko wakati huo, aliwashinikiza wenzake wakubali walimu weusi wafundishe chuoni hapo, kwa kuwa wote walikuwa Wazungu. Mwanzoni Marshall aliipinga rai hiyo, kisha akageuka akaitetea. Naona kule kugeuka kulikuwa na faida kubwa kuliko alama yoyote ya mtihani. Mwaka wa 1929 alimwoa Vivian Burey, akatulia, na mwaka wa 1930 akahitimu kwa heshima. Masomo yake yalikuwa fasihi ya Marekani na falsafa.

Shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland ilikuwa karibu na kwao, mjini humo humo Baltimore, lakini haikupokea watu weusi. Hapo maandalizi yote hayakumfaa kitu. Sifa zake hazikuulizwa, iliulizwa rangi yake. Ikambidi aende Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, akisafiri kwa garimoshi kila siku kwenda na kurudi. Mamake aliziweka rehani pete zake za ndoa na za uchumba ili kuchangia karo.

Mkuu wa shule hiyo, Charles Hamilton Houston, aliyesomea Harvard, hakuwa na huruma kwa wazembe. Wengi walishindwa njiani. Marshall aliongoza darasa lake, akapewa kazi katika maktaba ya sheria, na mwaka wa 1933 akahitimu akiwa wa kwanza.

Miaka miwili baadaye, yeye na Houston waliishtaki Maryland kwa niaba ya kijana mweusi, Donald Murray, aliyekuwa na shahada kutoka Amherst na kunyimwa nafasi ya kusomea sheria. Mahakama iliamuru apokewe, na mwaka wa 1936 rufani ya chuo ikatupwa. Mlango uliofungwa mbele ya Marshall ukafunguliwa na Marshall. Kutoka hapo njia iliongoza hadi kesi ya Brown ya 1954, iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma, na hadi Mahakama ya Juu mwaka wa 1967, akiwa jaji mweusi wa kwanza.

Sisi Wakenya tuna deni letu kwake. Mwaka wa 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikuja Nairobi, kisha akaenda London kuwashauri wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House. Aliandaa rasimu ya haki za binadamu, na akasisitiza zilindwe pia haki za walio wachache, wakiwemo Wahindi na Wazungu.

Mwaka wa 1980, shule ya sheria ya Maryland iliipa maktaba yake jina la Thurgood Marshall. Siku ya sherehe, mwenyewe hakuhudhuria.