Maisha ya Arthur Berson, Aliyepima Hewa ya Juu ya Ziwa Victoria

Sisi tukaao Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya daraja la Juba, hatuhitaji kufundishwa joto ni kitu gani. Mwezi wa Machi 2024, na tena Februari 2025, Serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto, na mara ile ya pili wanafunzi walikuwa wamezimia mjini Juba. Jua hutupiga karibu wima mwaka mzima. Basi joto hili huenda wapi? Sehemu kubwa hurudi angani papo hapo, lakini iko ziada, nayo kama ingekaa hapa ikizidi kila mwaka, tungalikwisha kuiva zamani. Nimeona vema niwasimulie wenzangu, na ndugu zetu waliokwisha maliza shule, habari za mtu aliyepanda angani kutafuta mambo kama haya, na ambaye kazi yake moja kubwa aliifanya katika ziwa lile lile linalotuletea maji ya mto wetu.

Arthur Berson alizaliwa tarehe 6 Agosti 1859 katika mji wa Neu Sandez, uliokuwa chini ya Austria. Leo uko Poland na huitwa Nowy Sącz. Hakuanza na elimu ya hewa, bali alisoma lugha huko Vienna. (Ninyi mnaodhani kwamba mwenye kupenda lugha amefungiwa mlango wa sayansi, angalieni hapo.) Baadaye alihamia Berlin, akaingia katika kazi ya Bwana Richard Assmann, aliyebuni kipimajoto kisichodanganywa na miali ya jua.

Siku zile hapakuwa na eropleni. Aliyetaka kujua hali ya hewa ya juu mara nyingi alipanda mwenyewe, amesimama katika kapu lililoning'inia chini ya puto la gesi, pamoja na vipimo vyake na daftari. Tarehe 4 Desemba 1894 Berson alipanda peke yake mpaka mita 9,155, juu kuliko kilele cha Everest, akaandika baridi ya karibu nyuzi 48 chini ya sufuri.

Tarehe 31 Julai 1901 alipanda tena kutoka Berlin, safari hii pamoja na Bwana Reinhard Süring. Puto lao lilikuwa kubwa mno, nao walivuta oksijeni kwa mirija. Walipopita mita 10,000 usingizi mzito uliwajia, usingizi ule ambao mtu akiuachia haamki. Berson alimtazama mwenzake akamwona amekwisha lala. Kwa nguvu zake za mwisho akavuta kamba ya kufungulia gesi ili puto lishuke, kisha naye akazimia. Walipozinduka walikuwa wamekwisha shuka maelfu ya mita, na jioni wakatua salama karibu na mji wa Cottbus. Urefu waliofikia ulikadiriwa kuwa mita 10,800. Hapana mtu aliyekuwa amefika huko kabla yao na kuleta hesabu ya kuaminika.

Mwaka uliofuata, Assmann, na Mfaransa mmoja aitwaye Léon Teisserenc de Bort, walitangaza jambo la ajabu: juu ya Ulaya, ukifika kilometa 11 hivi, baridi huacha kuzidi. Je, ndivyo ilivyo duniani kote? Mwaka ule ule wa 1902 Berson na mwenzake Hermann Elias walisafiri baharini hata Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini, wakirusha tiara zenye vipimo kutoka merikebuni. Na mwaka 1908 watu wale wale wawili walitumwa Afrika ya Mashariki, wakati Wajerumani na Waingereza walipokuwa wamejigawia nchi hizi.

Huko Ziwa Victoria hawakupanda wenyewe. Walirusha maputo mawili ya mpira yaliyofungwa pamoja, yakichukua chombo kidogo kinachojiandikia chenyewe joto na kanieneo ya hewa. Puto moja lilipopasuka juu, la pili halikuwa na nguvu ya kubaki angani. Lilishuka na kukaa juu ya maji kama boya, likaonekana kutoka mbali, watu wakalifuata kwa chombo. Kama wangalirusha porini, ni nani angalijua liliangukia mti gani?

Chombo kilionyesha kwamba pale karibu na ikweta baridi haikukoma penye kilometa 11. Iliendelea kuzidi hata kilometa 17 na kupita, ikafika zaidi ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Yaani juu ya nchi za joto kuna baridi kali kuliko ile waliyoikuta juu ya Ulaya!

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Hewa iliyopashwa joto na ardhi, imejaa mvuke wa maziwa na wa mabwawa ya Sudd, hupanda. Mvuke ukigeuka mawingu huiachia hewa joto lililojificha ndani yake, na hilo huisukuma juu zaidi. Lakini hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwetu hupanda kilometa 16 au 17. Nchani 8 au 9 tu. Kwa hiyo baridi ile aliyoikuta Berson ni alama ya mahali hewa yetu ilipokomea kupanda, na hapo ndipo hugawanyika, nyingine kwenda kaskazini, nyingine kusini.

Mwingereza George Hadley alikuwa amekwisha kuandika juu ya mzunguko huo mwaka 1735, akidhani kwamba wafika mpaka Nchani. Kumbe hewa hiyo hushuka njiani, juu ya Misri na Sahara, ikiwa kavu kabisa. Toka hapo mzigo wa joto hupokewa na dhoruba za nchi za baridi, ambazo husukuma hewa ya joto kuelekea Nchani na kurudisha hewa ya baridi huku chini. Bahari nayo huchukua fungu lake, lakini dogo zaidi. Pasipo uchukuzi huo sisi tungekuwa na joto kupita hili, na Nchani baridi kupita ile.

Jambo moja lilibaki fumbo. Mlima Krakatau ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilizunguka dunia juu ya ikweta likitoka mashariki. Maputo ya Berson, kinyume chake, yalikuta upepo wa magharibi huko juu sana. Wataalamu wakaziandika pepo zote mbili katika vitabu, kila moja na tabaka lake, wasijue la kufanya. Berson alikufa mjini Berlin mwaka 1942 fumbo likiwa bado fumbo. Miaka ya 1960 na 1961 ndipo ilipogunduliwa kwamba pepo hizo hupokezana: za magharibi huvuma muda, kisha za mashariki, na mzunguko mzima huchukua miezi 28 hivi. Berson alikuwa amefika katika zamu ya magharibi, nazo pepo hizo zikaitwa kwa jina lake.