Mark Twain na barua iliyoraruliwa

Wengi wetu tunamfahamu Mark Twain kwa vichekesho na suti yake nyeupe. Mimi nikitaka kumweleza mtu habari zake, huanzia kisiwani, katika mto Mississippi, mwaka wa 1847.

Kijana mmoja aitwaye Bence Blankenship, wa ukoo uliokuwa fukara kupindukia katika mji wa Hannibal, alimkuta huko mtumwa mtoro amejificha. Aliyemrudisha angepewa zawadi ya dola 50, fedha ambazo Bence hakupata kuzishika maishani mwake. Alinyamaza, akawa akimpelekea mtoro yule chakula kwa siri, hadi wakata kuni walipomgundua wakamkimbiza, naye akafa maji. Baadaye watoto waliokwenda kuvua waliiona maiti ikiibuka. Mmoja wao alikuwa Samuel Clemens, na huyo ndiye aliyekuja kuitwa Mark Twain.

Alikuwa amezaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika jimbo la Missouri, ambako mtu mweusi alikuwa mali kama ng'ombe. Baba yake alimiliki watumwa. Mwaka wa 1841 mzee huyo alikuwa miongoni mwa wazee wa baraza la mahakama waliowapeleka gerezani watu watatu, miaka 12 kila mmoja, kwa kujaribu kuwatorosha watumwa. Makanisani kulihubiriwa kwamba utumwa ni mpango wa Mungu. Na bado Samuel, kila alipokwenda shambani kwa mjomba wake, alikuwa akikaa jioni kumsikiliza mtumwa aitwaye Daniel akisimulia hadithi, na akampenda mno.

Baba alipofariki mwaka wa 1847, ilimbidi kijana aingie kazi ya kupiga chapa. Mwaka wa 1859 akapata cheti cha urubani wa meli za moshi. Jina lake la kuandikia lilitoka huko mtoni: maana yake ni pima mbili, kina ambacho meli hupita salama.

Vita vya Marekani vilipoanza mwaka wa 1861, alijiunga na kikundi cha vijana wa upande wa Kusini, upande wa wenye watumwa. Alikaa majuma mawili hivi, kisha akaenda zake magharibi. Yeye mwenyewe aliigeuza habari hiyo kuwa kichekesho, na wapenzi wake hucheka. Mimi sicheki sana. Bence, asiyekuwa na kitu, alikuwa amekwisha kuchagua, Samuel alikwepa.

Miaka ndiyo iliyomfunza. Mwaka wa 1870 alimwoa Olivia Langdon, ambaye wazazi wake walikuwa wakiwasaidia watumwa watoro. Mwaka wa 1874 alichapisha masimulizi ya mpishi mweusi, Mary Ann Cord. Kwa jinsi mama huyo alivyokuwa mcheshi, Twain alidhani hajaonja shida. Kumbe mumewe na watoto wake saba walikuwa wameuzwa mnadani mbele ya macho yake!

Mwaka wa 1876 akaanza kitabu cha Huckleberry Finn. Kilimshinda, akakiweka kando, akakirudia, hata kikatoka Uingereza mwaka wa 1884 na Marekani mwaka wa 1885. Huck ameumbwa kwa mfano wa Tom, mdogo wake Bence. Yuko juu ya chelezo pamoja na Jim, mtumwa mtoro. Usiku mmoja wa ukungu Huck anamfanyia Jim mzaha mbaya, na Jim anamweleza waziwazi jinsi alivyomlilia akidhani amekufa. Inamchukua mtoto yule mweupe robo saa kujishusha, lakini anakwenda kumwomba radhi.

Halafu inakuja ile barua. Huck amefundishwa kwamba amwibiaye mwenziwe mtumwa atachomwa jehanamu, basi anamwandikia Bi Watson, mwenye Jim, kumjulisha mtu wake aliko. Anajisikia msafi. Ndipo anapokumbuka jinsi Jim alivyokuwa akimshikia zamu ya usiku ili aendelee kulala. Anairarua, akikubali moto. Hadhani kabisa kuwa ametenda mema. Anaamini amepotea milele, kwa ajili ya rafiki. Hapo ndipo kitabu kinaponishika.

Sura za mwisho sizipendi. Tom Sawyer anamgeuza Jim mchezo, hali amekwisha kuachwa huru kwa wosia. Tena neno lile la kuwadharau watu weusi limo zaidi ya mara 200, na wazazi weusi wa Marekani waliotaka kitabu kiondolewe shuleni siwalaumu.

Ila mwaka uleule wa 1885, Twain alijitolea kumlipia gharama mwanafunzi mweusi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, Warner McGuinn. Aliona kuwa aibu ya utumwa ni ya watu weupe, nao hawana budi kuilipa.

Twain alifariki tarehe 21 Aprili 1910. McGuinn akawa wakili katika mji wa Baltimore, ambako alimshika mkono wakili chipukizi, Thurgood Marshall. Huyo ndiye Marshall aliyekwenda London mwaka wa 1960, katika mkutano wa Lancaster House, kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akawaandikia rasimu ya haki za raia.