Hans Berger na Mawimbi ya Ubongo

Katika darasa letu la msingi palikuwa na kijana mwenye kifafa. Alipoanguka tulitimua mbio, maana tuliambiwa povu lake likikugusa nawe utaanguka. Hakuna aliyetueleza kwamba maradhi yale hayaambukizi. Nimemkumbuka kijana huyo nikisoma maisha ya Mjerumani Hans Berger, na nakiri, msomaji, kwamba maisha hayo yamenipa furaha na uchungu pamoja.

Berger alizaliwa mwaka wa 1873 karibu na mji wa Coburg. Ingawa babake alikuwa daktari, yeye alipendelea hesabu na nyota. Kisha akaingia jeshini. Siku moja mazoezini farasi wake alishtuka, akamwangusha mbele ya mzinga uliokuwa ukikokotwa. Gurudumu lilisimama likiwa karibu kumsaga. Jioni akapata telegramu ya babake ikimuuliza hali yake, kwa kuwa dadake, aliyekuwa nyumbani mbali sana, aliingiwa na hofu ya ghafla juu yake. Berger alisadiki kwamba wazo lake lilisafiri hadi kwa dadake. Mimi sisadiki, lakini kosa hilo ndilo lililompeleka kwenye udaktari, akaitafute nguvu hiyo ubongoni.

Nguvu hiyo hakuipata. Alipata umeme. Mnamo Julai 6, 1924, mjini Jena, alimpima kijana wa miaka 17 aliyekuwa akipasuliwa kichwa, na kipimo kikatikisika. Kwa miaka 5 alinyamaza, akihofu kwamba pengine ni mapigo ya moyo yaliyomdanganya. Alimpima hata mwanawe, Klaus. Mwaka wa 1929 ndipo alipotangaza: mtu akitulia na kufumba macho, ubongo hutoa mawimbi kama 10 kila sekunde, akifumbua, mawimbi hayo hufifia. Wataalamu wengi walimpuuza, mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge, Uingereza, walipolirudia jaribio lake mwaka wa 1934 na kukuta ni kweli.

Mwaka uliofuata, madaktari wa Boston waliona kwamba mtoto anayezubaa ghafla kwa kifafa hutoa mawimbi yenye ncha, 3 hivi kila sekunde. Kifafa kikaonekana kwenye karatasi, si pepo tena. Usingizi nao ukagunduliwa kuwa na ngazi zake. Siku hizi mgonjwa hubandikwa nyaya kichwani na mara nyingi huombwa alale, kwani usingizi hufichua kifafa kilichojibanza. Mawimbi ya sehemu moja yakilinganishwa na ya nyingine, hupatikana ramani ya jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana, na pale kifafa kinapoanzia.

Sasa uchungu. Mwaka wa 1933 serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwahasi watu waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kurithi, kifafa kikiwemo. Berger alikaa katika mahakama ya rufaa ya Jena iliyoamua kesi hizo. Zamani ilisimuliwa kwamba Wanazi walimwonea na kumfukuza kazi. Nyaraka zimeonyesha vingine. Mwenzetu wa darasani, lau angezaliwa Jena, angeweza kufikishwa mbele yake.

Alistaafu mwaka wa 1938. Mnamo Juni 1, 1941, akiwa amelemewa na huzuni nzito, alijiua mjini humo humo.