Carl Akeley, mzungu mwenye alizikwa Kabara na kutuachia kamera

Siye watu wa Bunagana tunaamkaka chini ya Sabinyo. Hewa ikiwa safi, ukiangalia upande wa jua kuzama, unaona pia Mikeno na ncha yake kali. Kati ya Mikeno na Karisimbi kuna uwanja mdogo wa majani, baridi sana, unaitwa Kabara. Pale ndipo alizikwa Carl Akeley, Mmarekani, mu Novemba 1926.

Wengi wetu tulisikia jina lake kwa walinzi wa Parke ya Virunga. Lakini siye wachache wenye tunakusanyaka filme za zamani, zile zisizo na sauti, tulimkuta kwa njia ingine: kwenye ma-DVD. Kila mara tuliposoma habari za filme moja kubwa ya wakati ule, jina la kamera yake lilikuwa Akeley. Tukajiuliza kama ni yule yule wa Kabara. Kumbe ni yeye. Ndiyo maana leo tunataka kusimulia maisha yake.

Alizaliwa mwaka wa 1864 huko Clarendon, jimbo la New York, mu shamba la wazazi wake. Masomo hakuyafuata sana. Kitu alichopenda tangu utoto ni nyama na ndege, na namna ya kukausha ngozi zao ili waonekane kama wangali hai. Alipofika miaka 19 akaenda kutafuta kazi mu mji wa Rochester, mu nyumba moja yenye ilitengenezaka wanyama waliokufa kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mwaka wa 1885 Jumbo, tembo maarufu wa sarakasi aliyetoka Afrika, aligongwa na treni kule Kanada akafa. Akeley alikuwa mmoja wa wale waliopewa kazi ya kumsimamisha tena.

Wakati ule desturi ilikuwa kujaza ngozi majani makavu na kuishona sawa vile unashona gunia. Mnyama alitoka na tumbo la ajabu na miguu ya mti. Akeley alikataa kazi ya namna ile. Alifinyanga kwanza umbo la mnyama kwa udongo, misuli na mishipa yote, kisha akavalisha ngozi juu ya umbo jepesi lililotokana na ule udongo. Kwa kazi hiyo alipita Milwaukee, halafu jumba la makumbusho la Field kule Chicago, na mwisho jumba kubwa la New York.

Mwaka wa 1896 alifika Afrika mara ya kwanza, upande wa Somalia. Kule chui aliyejeruhiwa alimrukia, na Akeley akamuua kwa mikono mitupu. Mambo kama hayo ndiyo yalimpa sifa kwao. Lakini sifa yake ya kweli iko mu vitu alivyounda. Mwaka wa 1907, alipotaka kutengeneza kuta za nje za jumba la Chicago zilizokuwa zinabomoka, alifikiria mashine ya kurusha simiti kwa nguvu ya hewa. Mpaka leo mafundi wanaitumiaka mu mahandaki na mu migodi.

Kamera ilitokana na aibu. Mwaka wa 1910, mu nchi tunayoita sasa Kenya, alitaka kuchukua filme ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito. Mkono mmoja ulizungusha ukanda wa filme, mkono mwingine ulizungusha mpini wa kugeuza kamera kushoto ama kuume, na kama mnyama alipanda juu, palikuwa mpini mwingine tena. Simba haingojei mtu apange mikono yake. Wanandi walifanya kazi yao, kamera haikufanya yake, na Akeley akarudi bila picha alizotaka.

Mwaka ule ule tembo alimshika kwenye mteremko wa Mlima Kenya. Alimkandamiza chini, akamvunja mbavu na kumpasua uso. Wachukuzi walidhani amekufa wakakimbia. Bibi yake wa kwanza, Delia, aliposikia habari, alitembea usiku mu pori kwenda kumchukua. Delia huyo alirudi baadaye peke yake mpaka Ituri kwetu Kongo, akaishi muda kati ya Wambuti. Wakati Akeley alilala akingoja mbavu zipone, alianza kuwaza jumba moja kubwa kule New York, lenye lingeonyesha Afrika yote kabla wanyama hawajamalizika.

Aliporudi Marekani akaunda kamera mpya. Ilikuwa ya mviringo, bapa kama keki. Alipoifunga kwenye miguu yake mitatu, mpini mmoja tu ulitosha kuigeuza upande wowote, juu, chini, kushoto, kuume, taratibu, bila kutikisika. Ilikuwa na lenzi mbili zinazosogea pamoja, moja ya kuchukua picha, ingine ya kuonea, ili mwenye kamera aone wakati wote kile anachochukua. Ilipokea pia mwanga mwingi kuliko kamera zingine. Mwenye amewahi kupiga picha mu pori la Virunga saa nane mchana, chini ya mianzi, anajua sababu.

Jeshi la Marekani liliitumia mu Vita Kuu ya kwanza. Robert Flaherty alibeba mbili alipoenda kwenye barafu ya kaskazini ya Kanada kutengeneza Nanook of the North, filme iliyotoka mwaka wa 1922. Alizichagua sababu hazikutiwa mafuta ya kawaida yenye yangeganda, zilitiwa unga wa risasi ya kalamu. Halafu Hollywood nayo ikaifuata. Mu Wings, ya mwaka wa 1927, filme ya marubani wa vita iliyopata ile Oscar ya kwanza ya filme bora, kamera ya Akeley ni moja ya zile zilizofuata ndege hewani. Basi ukiangalia filme hizo mbili nyumbani, ujue unaona kupitia jicho la mtu aliyezikwa hapa kwetu.

Mwaka wa 1921 alikuja yeye mwenyewe na kamera yake. Kabla yake, mwaka wa 1902, kapiteni Mjeremani von Beringe alikuwa amepiga risasi ngagi wawili juu ya Sabinyo yetu. Ndiyo maana wataalamu wanaitaka ngagi wa mlima kwa jina lake, sawa vile babu zetu hawakuwa na jina la kumpa. Akeley naye alikuja na bunduki. Jumba la New York lilitaka ngagi. Alipita kwa mapadri wa misheni ya Lulenga, akapata watu wa kumwongoza na kumbebea mizigo, akapanda Mikeno na Karisimbi. Ngagi watano waliuawa mu safari ile.

Hatutaki kuficha jambo hilo, sababu yeye mwenyewe hakulificha. Aliandika kwamba mbele ya maiti ya ngagi wa kwanza alijiona kama muuaji. Mu safari ileile, alisimamisha kamera mbele ya kundi la ngagi waliokuwa mu mimea, akazungusha mpini. Hiyo ndiyo filme ya kwanza duniani ya ngagi wakiwa huru kwao. Mpaka siku zile watu wa Ulaya na Marekani walihadithiwa kwamba ngagi ni shetani wa pori mwenye anaibaka wanawake na kukunja mitutu ya bunduki. Kwenye ukanda wa Akeley waliona mama na watoto wakitafuta chakula chao kwa utulivu. Bunduki ilimpa ngozi tano. Kamera ilimwonyesha kwamba habari alizokuwa amesikia ni za uongo.

Aliporudi kwao alianza kuwasumbua wakubwa. Aliandikia ubalozi wa Ubelgiji kule Washington, akaomba milima hii ifungwe kwa wawindaji. Mfalme Albert wa Kwanza alikuwa ametembelea maparke ya Marekani mwaka wa 1919, akakubali. Tarehe 21 Aprili 1925 Parke Albert ikazaliwa, ya kwanza katika Afrika yote. Mwaka wa 1929 ikapanuliwa, na mwaka wa 1969 ikapata jina la Virunga. Kwa ngagi ilikuwa wokovu. Kwa wazee wetu wa Bwisha wenye walilima, waliwinda na kuchunga kule, haikuwa wokovu: walikatazwa pori lao, na hakuna mtu aliyewauliza. Ugomvi wa mipaka ya parke tunaosikia mpaka leo ulianza pale. Mtu anaweza kumshukuru Akeley na kukumbuka hayo vilevile.

Mwaka wa 1926 akarudi mara ya mwisho, pamoja na bibi yake wa pili, Mary Jobe. Kwanza walizunguka Kenya na Tanganyika. Kati ya wenye walilipa safari hiyo alikuwa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, yaani mtu aliyetengeneza kanda zenyewe za filme. Naye alikuja kuwinda. Halafu Akeley na wenzake wakaja Kongo, na mchoraji William Leigh kati yao, ili kupata mimea na mandhari ya kuweka nyuma ya wale ngagi kule New York. Lakini mwili wa Akeley ulikuwa umechoka, na homa ilikuwa imemshika njiani. Wachukuzi walimpandisha wakimbeba. Alikufa Kabara, akiwa na miaka 62, karibu na mahali alipochukua filme yake. Mary alimzika pale, kisha akabaki mlimani kwa wiki kadhaa mu mvua na baridi mpaka kazi ikamalizika.

Jumba alilowaza lilifunguliwa New York mwaka wa 1936 na likapewa jina lake. Mwenye anasimama mbele ya ngagi wale anaona nyuma yao picha ya Leigh: milima yetu, na moshi wa volkano. Kabara nayo haikusahauliwa. George Schaller alikaa pale mwaka wa 1959 na 1960 akichunguza ngagi, na Dian Fossey alianzia pale mwaka wa 1967 kabla ya kuhamia Rwanda.

Wengine walifuata njia yake kwa kamera. Martin na Osa Johnson, wenye alikuwa amewatia moyo, walipiga Congorilla kati ya Wambuti wa Ituri na mu milima ya Alumbongo, upande wa Lubero; ilitoka mwaka wa 1932, na hiyo ilikuwa na sauti. Waliondoka na ngagi vijana wawili, wakawapeleka mpaka bustani ya wanyama ya San Diego. Mmoja aliitwa Mbongo. Mwingine waliita Ngagi, neno letu hili hili. Wote wawili walikufa kule, Mbongo mwaka wa 1942, Ngagi mwaka wa 1944.

Sasa tuseme kidogo juu ya ma-DVD, sababu vijana wanatuulizaka. Kanda za wakati wa Akeley zilitengenezwa kwa nitrati, kitu chenye kinashika moto haraka na kinaozaka mu sanduku mpaka kinageuka unga. Filme nyingi za bila sauti zilipotea hivyo. Wings ilidhaniwa imepotea nayo, mpaka kopi moja ikaonekana Paris. Kurekebisha filme ni kukusanya kopi zilizobaki, kuzisafisha, kuzipitisha picha moja moja kwenye mashine, na kurudisha mwendo wake. Kama watu wanakimbia kama siafu kwenye disque yako, siyo wao walitembea hivyo: ni mwendo umekosewa. Na kabla ya kununua, angalia zone. DVD ya Marekani ni zone 1, ya Ulaya ni 2, ya kwetu ni 5. Kwa Blu-ray Afrika na Ulaya tuko pamoja kwenye B, basi ndugu akikutumia kutoka Bruxelles itaingia.

Mu Juni 2022 vita vilifika Bunagana, na watu wengi walivuka kuingia Uganda na vitu vichache kichwani. Nani anabebaka filme siku kama hiyo? Watu wanabebaka watoto. Toka pale tumejifunza kile wenye kutunza filme wanajua tangu zamani: kitu chenye kiko na kopi moja tu, hesabu kimeshapotea. Sasa kila disque yetu iko mu nyumba mbili, moja Goma, moja ng'ambo ya mpaka.

Nanook iko. Wings iko. Congorilla iko. Mahali pamoja tu pangali wazi. Ni pa ile filme fupi ya mwaka wa 1921, yenye ilichukuliwa juu ya mlima tunaouona kila asubuhi. Watu wa New York waliiona zamani, miaka zaidi ya mia sasa. Watoto wa Jomba hawajaiona. Wale waliobeba kamera mgongoni mpaka juu walikuwa babu za mtu fulani hapa, majina yao hayakuandikwa, na labda mu picha moja ya safari ile kuna uso wenye mzee mmoja wa kwetu angeweza kuutambua. Siku kopi ikifika, tutatafuta jenereta na shuka nyeupe, tutaita wazee kwanza, na watakaa mbele.