Jina la Colt na Jasho la Wafanya Kazi

Wengi wetu tumelijua jina la Colt katika sinema za Kimarekani, ambamo bastola yake haikosi kiunoni mwa mchunga ng'ombe. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mwenye jina hilo, kwani maisha yake, na ya kampuni aliyoiacha, yana fundisho kwa kila mfanya kazi.

Samuel Colt alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1814. Alipokuwa kijana wa miaka 16 alisafiri kwa merikebu kwenda Calcutta, na inasemekana kuwa safarini humo alichonga kwa mti mfano wa bastola yenye silinda izungukayo. Mwaka 1836 alipata hati ya Serikali ya kulinda uvumbuzi wake, akafungua kiwanda mjini Paterson. Wanunuzi walikuwa haba, na mwaka 1842 kiwanda kilifungwa.

Kilichomwinua ni vita. Marekani ilipokuwa ikipigana na Mexico, Serikali iliagiza kwake bastola 1,000 mwaka 1847. Hakuwa na kiwanda. Ilimbidi zitengenezwe katika kiwanda cha mwingine. Tangu hapo mali ilimmiminikia, na mwaka 1855 alikuwa na kiwanda kikubwa Hartford, chenye mashine za kukata vipande vya bastola kwa kipimo kimoja. Aliwajengea wafanya kazi nyumba na ukumbi. Sifa hiyo hatumnyimi. Lakini aliwauzia silaha watu wa Kaskazini na mabwana wa watumwa wa Kusini pia, mpaka vita vyao vilipozuka Aprili 1861. Alikufa Januari 1862, tajiri mkubwa, umri wake miaka 47.

Jina lake halikufa. Bastola ya mwaka 1873 ilipewa lakabu ya Mpatanishi, hali Wahindi Wekundu walikuwa wakinyang'anywa nchi yao kwa mtutu wa bunduki. Baadaye kampuni ikawatengenezea askari wa Marekani bunduki za M16 zilizotumika Vietnam.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Januari 1986 wafanya kazi wapatao 1,000 waligoma. Kampuni ikaajiri wengine mahali pao. Mwaka 1988 jeshi liliwapa watu wengine kazi ya kutengeneza M16. Mgomo ulikwisha mwaka 1990, kampuni ilipouzwa, na wafanya kazi wenyewe wakapata sehemu ya hisa. Ilifilisika mwaka 1992, ikafilisika tena 2015, na mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Cheki.

Sisi twaona jambo moja waziwazi. Jina lililochorwa juu ya chuma lilikuwa la mtu mmoja, bali ustadi ulioupa chuma hicho thamani ulikuwa wa maelfu wasiotajwa. Tajiri aweza kurithisha jina na mashine. Ustadi huo hawezi kuurithisha, maana si wake. Viongozi wa viwanda na walikumbuke hilo kabla mgomo haujaanza.