Daktari wa Chogoria na Kiapo Kilichowafukuza Watu

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru hupita Runyenjes na Chuka, Mlima Kenya ukiwa mkono wake wa kushoto, kisha hufika njia panda ya Chogoria. Huko ndiko alikohamia Daktari Clive Irvine, Mskoti wa misheni, mwaka 1922. Hospitali yake ilijengwa kwa msaada wa baba mkwe wake, tajiri Ernest Carr. Mimi ni mzaliwa wa upande huo, na tangu utotoni nimewasikia wazee wakimsimulia.

Enzi hizo buba iliwatesa wengi. Sindano za misheni zilipokausha vidonda, waliokuwa wakimwogopa mzungu walianza kuwapeleka wagonjwa wao. Buba haikuwa na aibu. Mtu alionyesha kidonda chake bila kuona haya, akatibiwa.

Mwaka 1929 mambo yaliharibika. Irvine, ambaye alikuwa mtu mkali, aliwataka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana. Kuipinga halikuwa kosa. Tangu 2011 sheria yetu wenyewe inaiharamisha kabisa. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kumtaka mtu aape papo hapo, la sivyo atoke. Basi wengi walitoka, na imani iliyojengwa kwa sindano ikavunjwa kwa kiapo.

Kisa hicho hunijia kila nimkumbukapo binamu yangu, aliyekuwa mraibu wa pombe. Alipokwenda kutibiwa ini, mhudumu mmoja alimtaka aape mbele ya foleni nzima kwamba hatakunywa tena. Aliapa. Jioni ile ile alikunywa, na kwa aibu hakurudi hospitalini mpaka tulipombeba, tukiwa tumechelewa.

Mei 2014 pombe yenye methanoli iliwaua makumi ya watu Embu na kwingineko, na wengine wakapofuka. Kwa sumu kama hiyo, saa chache ndizo huamua. Je, msomaji, mlevi anayeogopa kukemewa atafika saa ngapi?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tuulize pia ni nani aliyemfanya ayafiche. Daktari Irvine alifariki zamani, na maisha yake yametuachia funzo kwa pande zote mbili: kidonda kitibiwe kwanza. Kiapo, kama kipo, mgonjwa atajiapia mwenyewe.