Isaac Singer: Mwigizaji aliyefilisika akawa tajiri wa cherehani

UKIINGIA katika soko lolote la nguo, iwe Kampala, Bujumbura, Goma au Kigoma, hutakosa kumkuta fundi ameinamia cherehani nyeusi ya chuma. Nyingine zina umri mkubwa kuliko fundi mwenyewe. Zimebadilisha wamiliki mara tatu nne, zimevuka mipaka juu ya malori na mabasi, na bado zinashona.

Jina linaloonekana kwa rangi ya dhahabu kwenye nyingi ya cherehani hizo kongwe ni Singer. Wengi wanalijua kama jina la kampuni tu. Wachache wanafahamu kuwa lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo hakuwa na ndoto ya kutengeneza mashine. Alitaka kuwa mwigizaji.

Isaac Merritt Singer alizaliwa Oktoba 27, 1811 katika eneo la Pittstown, jimbo la New York nchini Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi aliondoka nyumbani na kwenda mji wa Rochester, ambako aliishi kwa vibarua na baadaye akajifunza ufundi wa mashine.

Mikono yake ilikuwa ya fundi, lakini moyo wake ulikuwa jukwaani. Kila alipopata kundi la maigizo aliacha kazi na kulifuata. Mwaka 1839 alibuni mashine ya kutoboa miamba, akaiuza haki yake kwa dola 2,000, fedha nyingi sana wakati ule. Badala ya kuziingiza katika biashara, alianzisha kundi lake la maigizo na kuzunguka nalo mji hadi mji kwa miaka kadhaa, mpaka fedha zote zikaisha.

Alirudi tena kwenye ufundi. Mwaka 1849 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa mashine ya kuchonga mbao na chuma. Akaipeleka New York kutafuta wanunuzi, lakini bwela la mvuke likalipuka katika karakana ilimokuwa na kuiharibu kabisa. Akiwa na umri wa karibu miaka 40, alikuwa na familia kubwa na hana kitu.

Siku 11 na dola 40

Mwaka 1850 alihamia Boston na kupata nafasi katika karakana ya Orson Phelps. Mashine yake ya kuchonga haikupata mteja. Hata hivyo, katika karakana hiyo zilikuwa zikitengenezwa cherehani za aina iliyokuwapo wakati huo, ambazo ziliharibika mara kwa mara.

Ni vizuri msomaji aelewe kuwa Singer hakuwa mtu wa kwanza kubuni cherehani. Nchini Ufaransa, fundi Barthélemy Thimonnier alikuwa na karakana ya cherehani mjini Paris, ambayo mwaka 1831 ilivamiwa na washonaji waliohofia kukosa kazi. Marekani nako, Elias Howe alipata hataza Septemba 1846 kwa cherehani yenye sindano yenye tundu karibu na ncha na inayofunga mshono kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa chini.

Alichofanya Singer ni kutazama mashine iliyokuwa mbele yake na kuona mahali inapokwama. Kibeba uzi wa chini kilizunguka duara na kuusokota uzi. Yeye akakifanya kiende mbele na kurudi kwa mstari mnyoofu. Sindano akaisimamisha wima, itoke juu kwenda chini. Kitambaa akakilaza juu ya meza, na akaweka mguu wa kukibana kisinyanyuke.

Mshirika wake, George Zieber, alitoa dola 40 za kugharamia kazi hiyo. Walifanya kazi usiku na mchana kwa siku 11.

Usiku wa mwisho mashine iliunganishwa na kujaribiwa, lakini haikushona. Uzi ulitoka umelegea, ukajaa vitanzi juu ya kitambaa. Kwa maelezo yaliyotolewa na Singer mwenyewe baadaye, wafanyakazi walikata tamaa na kuondoka mmoja baada ya mwingine. Yeye na Zieber nao wakaondoka. Njiani wakakaa kupumzika, na hapo ndipo Singer alipokumbuka kuwa walikuwa wamesahau kurekebisha mkazo wa uzi wa juu. Wakarudi, wakakaza, na mashine ikashona mishono mitano sawasawa kabla uzi haujakatika.

Hataza yake ilitolewa Agosti 12, 1851. Mashine iliweza kushona mishono 900 kwa dakika. Mshonaji hodari wa mkono alifikisha takriban 40.

Ugomvi wa haki na faida

Mafanikio hayakuwanufaisha wote waliohusika. Zieber, aliyetoa zile dola 40, aliugua mwishoni mwa mwaka huohuo, na akiwa kitandani akauza hisa yake kwa Singer kwa dola 6,000. Alipona, lakini hisa ilikuwa imekwisha kwenda. Hisa hiyo baadaye ingekuwa na thamani ya mamilioni.

Howe naye alidai kuwa Singer ametumia uvumbuzi wake bila idhini, na akafungua kesi. Singer alishindwa. Mwaka 1854 alikubali kumlipa Howe dola 15,000 na kuendelea kulipa ada.

Hata baada ya hapo, makampuni yaliendelea kushtakiana, maana kila moja lilikuwa na haki ya kipande fulani na hakuna aliyeweza kutengeneza cherehani kamili bila kugusa mali ya mwenzake. Mwaka 1856 wakubwa wa biashara hiyo walikubaliana kuziweka hataza zao pamoja na kutoza ada moja ya dola 15 kwa kila cherehani, na Howe akipata dola 5 kati ya hizo. Mahakama zikapumzika na viwanda vikaanza kazi.

Cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo

Mtu aliyeijua hesabu ya biashara hakuwa Singer bali mwanasheria wake, Edward Clark, aliyeingia ubia naye mwaka 1851. Clark aliona tatizo ambalo kila mfanyabiashara analijua: bidhaa ni nzuri, wateja wanaitaka, lakini fedha hawana. Cherehani iliuzwa zaidi ya dola 100, wakati kipato cha familia ya kawaida kilikuwa karibu dola 500 kwa mwaka.

Mwaka 1856 kampuni ilianza kuuza kwa malipo ya awamu. Mteja alitoa dola 5, akaichukua cherehani nyumbani, na kumalizia deni kila mwezi huku mashine yenyewe ikimwingizia fedha. Mauzo ya mwaka huo yalikaribia mara tatu ya mwaka uliotangulia. Baadaye kampuni ilianza pia kupokea cherehani za zamani na kumpunguzia mteja bei ya mpya.

Aidha, kampuni iliweka maduka yenye wasichana walioonyesha jinsi ya kushona, mafundi wa kurekebisha, na vipuri. Mwaka 1867 ilifungua kiwanda Glasgow, Scotland. Kile kikubwa cha Kilbowie, Clydebank, kilichofunguliwa mwaka 1885, kilikuja kuajiri zaidi ya watu 10,000 kabla ya kufungwa mwaka 1980. Cherehani zake zilisafirishwa sehemu nyingi za dunia, Afrika ikiwamo.

Nyumba iliyobomoka

Wakati biashara ikipanda, nyumba ya Singer ilikuwa ikibomoka. Alikuwa na familia kadhaa kwa wakati mmoja, nyingine zikiishi kwa jina tofauti na zisijue kuwapo kwa wenzao. Mwaka 1860 siri ilifichuka mjini New York, akashtakiwa na Mary Ann Sponsler, mwanamke aliyeishi naye tangu siku za umaskini. Kashfa hiyo ilimfanya akimbilie Ulaya.

Clark, mtu wa heshima na kanisa, hakuweza kumvumilia tena. Mwaka 1863 ubia ulivunjwa na kampuni mpya ya hisa ikaundwa. Kila mmoja alibaki na hisa zake, kwa sharti kwamba hakuna kati yao atakayekuwa rais wa kampuni mwenzake akiwa hai.

Mwaka huohuo Singer alimwoa Isabella Boyer, na hatimaye wakahamia Paignton, kusini-magharibi mwa Uingereza. Huko alianza kujenga jumba kubwa lenye ukumbi wa maigizo, lakini hakuwahi kuliona limekamilika. Alifariki Julai 23, 1875 akiwa na umri wa miaka 63. Aliacha watoto zaidi ya 20, mali ya dola milioni 13 hivi, na ugomvi wa mirathi.

Kwa anayenunua na kusafirisha leo

Akina mama wa Marekani walizitumia cherehani hizi kushonea pia mifarishi, yaani mablanketi ya tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati na kitambaa chini. Hadi leo washonaji wa mifarishi wa Marekani na Ulaya wanazitafuta Singer za zamani, hasa ile ndogo ya toleo 221 iliyotoka mwaka 1933, yenye uzito wa kilo 5 hivi. Kwetu, sifa hizohizo zinafaa kwa anayeshona mabegi, mapazia mazito au foronya za magodoro.

Kabla ya kulipa, angalia namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Singer, namba hiyo huonyesha mwaka na mara nyingi kiwanda ilikotoka. Uliza sindano yake. Toleo 15 na 66 hutumia sindano ya kawaida ya siku hizi, wakati baadhi ya zile za karne ya 19 hutumia sindano ambayo ni adimu. Toleo 15 ndilo lililoigwa sana na viwanda vya Japan na China, ikiwamo Butterfly, hivyo bobini na vipuri vyake vingi vinapatikana.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda ndani, na mafuta safi ya cherehani huweza kulilegeza taratibu.

Kisha jaribu kwenye kitambaa kizito kilichokunjwa. Unapotunga uzi, nyanyua mguu wa kubana ili sahani za mkazo zifunguke. Vitanzi vikitokea chini ya kitambaa, uzi wa juu umelegea au haukupita vizuri kati ya sahani hizo. Vikitokea juu, punguza mkazo wa juu, au kaza kidogo sana skrubu ya kasha la bobini. Tabaka zikivutana, legeza skrubu iliyo juu ya mhimili wa mguu wa kubana na urefushe mshono.

Kwa msafirishaji, tenganisha kichwa na meza na ukifunge peke yake. Chuma hicho cha kusubu ni kizito, lakini kikianguka hupasuka, na ufa wake hauungiki kirahisi.

Zipo cherehani zinazouzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu tu zinatoa vitanzi. Singer mwenyewe nusura aitupe ya kwanza kwa kosa hilohilo, na kilichohitajika kilikuwa ni kukaza uzi.